Kitenzi cha Fundi: Kuhakiki Kumbukumbu za Mtumbwi na Behewa kutoka Mwambao wa Nyasa

Utangulizi

Kuna mazoea katika semina zetu za fasihi simulizi ambayo yafaa sasa tuyahoji. Mwanafunzi akirudi kutoka uwandani na ngano ya Sungura na Fisi, anapokewa kwa mikono miwili. Akirudi na nyimbo za unyago au vitendawili, vilevile hakuna matata. Lakini akirudi na maneno ya seremala mzee anayeeleza alivyokuwa akichonga mitumbwi, basi maswali yanaanza. Hiyo nayo ni fasihi? Shujaa wake nani? Kilele kiko wapi? Mwishowe anashauriwa, kwa upole, aipeleke kazi yake kwa watu wa Historia.

Ukitazama nadharia tuliyosomeshwa, ubishi huu haukustahili kuwepo. M. M. Mulokozi, katika makala yake "Tanzu za Fasihi Simulizi" iliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989, aliziweka kumbukumbu ndani ya masimulizi, pamoja na visakale na tarihi. Kwa hiyo nafasi ipo na jina lipo. Kinachokosekana ni uhakiki wenyewe. Tunazitaja kumbukumbu katika mtihani, tunapata maksi zetu, halafu hatuziguse tena.

Makala haya yanakusudia kuigusa moja. Ni masimulizi ya mzee mmoja wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kati ya Liuli na Mbamba Bay, katika Wilaya ya Nyasa ambayo mpaka mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Mbinga. Niliyarekodi kwa jioni mbili, na kwa ombi lake jina lake silitaji. Mzee huyu alichonga mitumbwi, akaunda boti za mbao, kisha akaondoka kwenda mjini kuwa seremala katika karakana moja ya mabehewa ya reli, hadi alipopunguzwa kazini akarudi kwao. Hoja yangu ni kwamba usanii wa masimulizi haya umo katika vitenzi vyake. Tukifuata kitenzi, yaani nani anatenda, kwa nafsi ipi na kwa kauli ipi, tutaona hadithi ambayo msimuliaji mwenyewe hajaitangaza popote.

Vyombo visivyo na mafundi

Kabla ya kuingia katika masimulizi, hebu tutazame jinsi vyombo vya ziwa hili vinavyosimuliwa kwa kawaida. Msomaji asidhani ninatoka nje ya mada, maana mzee wetu anasimulia mahali ambapo hadithi nyingine zimekwisha simuliwa kabla yake.

Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, imeingia katika vitabu kwa sababu ya tukio moja. Mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia hapo meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann. Kila anayelisimulia tukio hili hulisimulia kama kichekesho cha manahodha wawili: Mwingereza Rhoades na Mjerumani aliyekuwa rafiki yake wa kunywa naye, ambaye habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Wasomaji hucheka, na kwa kweli kinachekesha. Lakini ndani ya kichekesho hicho kuna kishazi kimoja ambacho sisi wahakiki tungepaswa kukisimamisha: meli ya Wajerumani ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Ikitengenezwa na nani? Meli haijipandishi nchi kavu yenyewe. Kuna watu waliovuta, waliokwangua, waliogonga. Kichekesho kinawapita kama vile hawakuwepo.

Chukua na Chauncy Maples, meli ya wamisionari wa UMCA, iliyopewa jina la askofu aliyekufa maji katika ziwa hili mwaka 1895. Iliundwa Glasgow, ikafunguliwa vipande zaidi ya 3,000, ikavushwa bahari, ikapandishwa kwa mito na kwa mabega ya watu, ikaunganishwa upya kando ya ziwa na kuingizwa majini mwaka 1901. Boila lake peke yake lilikuwa na uzito wa tani 11, na lilikokotwa nchi kavu na mamia ya watu. Sasa msomaji azitazame sentensi zangu hizi: iliundwa, ikafunguliwa, ikavushwa, ikaunganishwa. Zote ziko katika kauli ya kutendwa. Nimeziandika hivyo kwa makusudi, maana ndivyo zinavyoandikwa siku zote. Jina la askofu linabaki ubavuni mwa meli, na watenda kazi wanabaki ndani ya kiambishi -w-.

Hata reli ilifika ziwani kwa namna ya ajabu. Wajerumani walipanga njia ya reli ya kusini kufika Nyasa, haikujengwa. Njia ya Mtwara hadi Mbamba Bay imezungumzwa na serikali baada ya serikali. Lakini meli za abiria kama MV Songea na MV Iringa zilikuwa mali ya Shirika la Reli Tanzania mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990, zilipokabidhiwa kampuni ya huduma za meli. Kwa hiyo mtoto wa mwambao huu aliweza kukua akilijua Shirika la Reli bila ya kuona hata taruma moja la reli. Kwake, reli ilikuwa ni kitu kinachoelea. Mzee wetu alipokwenda kutafuta kazi ya reli, kichwani mwake hakuwa anahama mbali sana. Hilo tulikumbuke, litatusaidia mbele.

Fani ya sehemu ya kwanza: "wewe"

Sehemu ya kwanza ya masimulizi inahusu mtumbwi wa gogo moja. Jambo la kwanza linalomgonga msikilizaji ni nafsi. Nilipomwuliza alichongaje, nilitegemea anijibu kwa "nilikata, nilichonga." Badala yake alisimulia karibu sehemu yote hii kwa nafsi ya pili. Unauona mninga, unaugonga kwa mgongo wa shoka, unasikiliza. Ukilia kama ngoma una uwazi ndani, unauacha. Ukinyamaza, unaukata. Unauchimba kidogo huko huko msituni ili upungue uzito, lakini hauumalizi, maana ukiumaliza mlimani utapasuka njiani.

Mtu anaweza kusema kwamba hii ni lugha ya kawaida ya kutoa maelekezo, na si sanaa. Mimi naona vingine. Kwa nafsi hii mimi msikilizaji niligeuzwa mwanafunzi wa useremala. Shoka lilikuwa mikononi mwangu. Mzee mwenyewe alijificha nyuma ya "wewe", kama mjomba wake alivyokuwa amesimama nyuma yake akimfundisha. Kwa hiyo nafsi ya pili hapa imebeba watu watatu: mjomba, mzee na mimi. Riwaya zetu zinatafuta mbinu ya namna hiyo kwa jasho jingi; huyu ameipata katika mazungumzo ya jioni.

Jambo la pili ni vipimo. Mtumbwi wote umepimwa kwa mwili. Unene wa ubavu ni upana wa kidole gumba, na ili kuujua unagonga kwa vifundo vya vidole na kusikiliza. Mdomo wa mtumbwi, ambao katika ziwa hili huachwa mwembamba, ni shubiri kadhaa tu. Urefu ni pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa. Alipokuwa akisimulia alinyoosha mikono kweli, na hapo sauti niliyorekodi inakuwa kimya kwa muda. Ukisikiliza bila kuona, utadhani amesahau. Kumbe hapo ndipo anaposema zaidi.

Jambo la tatu ni msuko. Masimulizi yanafuata njia ya gogo: mlimani, njiani, ufukweni, majini. Watu wanaitwa kuvuta, kuna wimbo wa kuvutia, gogo linateremka. Ufukweni tezo inachukua kazi ya shoka. Kisha mtumbwi unatiwa majini, na kama unalalia upande mmoja unatolewa na kupunguzwa tena. Hapa kilele kipo, ndugu zangu. Ni pale mtumbwi unapokaa sawa juu ya maji bila mtu kuushika. Hakuna vita, hakuna mapenzi, lakini nilijikuta nimeshusha pumzi.

Boti za mbao zinafuata, na hapo "wewe" inaanza kugeuka "sisi". Boti haiundwi na mtu mmoja. Kuna mkuku unaolazwa kwanza, kuna mataruma yanayosimamishwa juu yake, kuna mbao zinazopindwa, kuna kalafati ya kuziba nafasi katikati ya mbao. Mmoja anashika, mwingine anagonga. Sarufi ya mzee inabadilika pamoja na kazi, na sidhani kama mwenyewe alilitambua hilo.

Fani ya sehemu ya pili: behewa

Wenzangu watatu niliowasikilizisha rekodi hii walikubaliana juu ya jambo moja: sehemu ya kwanza tamu, sehemu ya pili inachosha. Mmoja alishauri niikate kabisa. Hapa ndipo ninapotofautiana nao.

Katika karakana kazi ya mzee ilikuwa ni sakafu na mbao za kuta za mabehewa ya mizigo, na baadaye fremu za milango ya mabehewa ya abiria. Masimulizi yake yanakuwa mafupi na yanajirudia. Behewa lililetwa. Mbao zilizooza ziling'olewa. Mbao mpya zilipimwa, zilikatwa, zilipigwa bolti. Behewa lilipelekwa kwa watu wa breki. Likaletwa jingine. "Wewe" imetoweka kabisa. Hakuna anayefundishwa tena. "Mimi" haipo. Hata "sisi" inasikika mara chache, wakati wa chakula na king'ora cha kutoka. Vitenzi vyote vimeangukia katika ile ile kauli ya kutendwa tuliyoiona katika habari za Chauncy Maples.

Vipimo navyo vimebadilika. Shubiri na pima hazipo. Kuna inchi na milimita zilizotoka katika mchoro ambao yeye hakuuchora. Msuko nao umekatika. Mtumbwi ulikuwa na safari kutoka mlimani hadi majini, lakini behewa linaingia mlango mmoja na kutokea mlango mwingine, na msimuliaji hajui lilikotoka wala linakokwenda. Anajua namba yake tu.

Sasa tujiulize: uchovu huu ni udhaifu wa msimuliaji? Mtu aliyetufanya tusikilize kwa dakika arobaini habari za gogo moja, amesahau ghafla namna ya kusimulia? Siamini. Uchovu tunaousikia ndio maudhui yenyewe. Walimu wetu wanapoeleza jinsi mfanyakazi anavyotengwa na zao la kazi yake, sisi huandika maneno hayo daftarini na kuyakariri. Hapa tunayasikia katika sarufi. Mtenda kazi ametoka katika sentensi kama alivyotoka katika kazi. Ukiikata sehemu hii, unabaki na kisa kizuri cha mtumbwi cha kuwaonyesha watalii.

Na si kweli kwamba sehemu ya pili haina kilele. Inacho, ila ni kidogo na kinapita haraka. Mzee anaeleza kwamba siku moja, miaka mingi baada ya kuanza kazi, alikuwa amesimama stesheni akisubiri safari. Mlango wa behewa la mizigo ulikuwa wazi. Akachungulia, akaona sakafu, akaijua. Aliijua kwa jinsi bolti zilivyopangwa kwa kupishana, jinsi anavyopanga fundi wa boti ili ubao usipasuke kwa kufuata mshipa wake. Mchoro haukudai hivyo. Mkono wake ulikuwa umefanya hivyo wenyewe. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu aingie karakana, anasema "mimi". Sentensi moja tu, halafu anarudi katika kutendwa. Watu wa pwani husema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Masimulizi haya yalikwenda mbali na ziwa, lakini marejeo yake yalikuwa tumboni mwa boti.

Maudhui, na mabishano mawili

Kuna njia mbili rahisi za kuyasoma masimulizi haya, na zote mbili nadhani zinayapunja.

Ya kwanza ni kusema: mzee anatukuza ukale, zamani kuzuri, kiwanda kibaya. Msomaji wa namna hii hakusikiliza vizuri. Ziwa la mzee si paradiso. Kuna mwera, ule upepo mkali wa kusini unaosimamisha mawimbi, na kuna watu waliokwenda kuvua usipa wasirudi. Kuna gogo lililomponyoka mtu mteremkoni likamvunja mguu. Na karakana kwake haikuwa jehanamu. Ilimlipa kila mwezi, iliwasomesha watoto. Anasema wazi kwamba mtumbwi haukumsomesha mtoto hata mmoja. Mhakiki anayetaka mzee huyu alie juu ya zamani itabidi amlilie mwenyewe.

Njia ya pili ni ile ya kutafuta mapambano. Sisi tuliolelewa na riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, tumezoea kwamba kazi ya sanaa kuhusu wafanyakazi hupanda ngazi: dhiki, mwamko, mgomo. Katika Kuli njia hiyo inafaa, maana mgomo wa makuli wa Zanzibar mwaka 1948 ulitokea kweli, na mwandishi anatoka katika dhiki ya mtu mmoja kuelekea umoja wa wengi. Lakini mtu akiifanya Kuli kuwa kipimo cha kila maneno ya mfanyakazi, atamwuliza mzee wetu: mgomo wako uko wapi? Hana mgomo. Ana bolti zilizopishana. Sisemi kwamba bolti ni mapinduzi, msinielewe vibaya. Nasema kwamba mhakiki anayengoja mgomo hataziona bolti, na atatoka na jibu alilokuwa nalo kabla ya kusikiliza.

Kuna pia tofauti ya aina ya kazi. Kuli hubeba shehena ambayo hakuitengeneza, na uchungu wake uko katika mzigo na ujira. Uchungu wa seremala uko mahali pengine: ametengeneza kitu, kisha hakijui tena. Kukutana na sakafu yake stesheni ni kama kukutana na mtoto aliyelelewa na watu wengine.

Mfano wa kikombe na chai tuliozoea madarasani, eti fani ni kikombe na maudhui ni chai iliyomo, hapa unavunjika. Katika mtumbwi wa gogo moja, chombo hupatikana kwa kuondoa mti. Huwezi kuniambia wapi mti unaishia na wapi mtumbwi unaanzia. Kadhalika huwezi kuitoa kauli ya kutendwa katika sehemu ya pili ukabaki na "maudhui" yake.

Dosari

Uhakiki usiotaja dosari ni sifa tu, kwa hiyo nitaje moja kubwa. Wanawake hawapo. Mzee anataja watu waliovuta gogo, anataja wimbo, anataja kwamba watu walikula na kunywa baada ya kazi. Nani alipika? Nani alisonga ugali na kutengeneza pombe ya siku hiyo? Nani alilima shamba alipokuwa msituni, na miaka yote aliyokuwa mjini? Nilipomwuliza, alijibu kwamba hayo yanajulikana. Ni jibu lile lile ambalo kichekesho cha Liuli kingetupa juu ya watu waliokuwa wakitengeneza meli. Aliyefichwa ndani ya kiambishi -w- na watu wa meli, naye amewaficha wengine ndani ya kiambishi hicho hicho: chakula kililetwa. Dosari hii haivunji thamani ya masimulizi, lakini mhakiki asiifunike kwa sababu ya heshima kwa wazee.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kumbukumbu za fundi zinasomeka kama fasihi, mradi tusizipime kwa vipimo vya ngano au vya riwaya ya mgomo. Tuanze na kitenzi. Tuulize ni nafsi gani inayoshika shoka, ni wapi inapotoweka, ni wapi inaporudi.

Lina matokeo katika kazi zetu za uwandani pia. Wengi wetu tunapoandika tuliyoyarekodi tunayasafisha. Tunageuza "unakata, unaacha" kuwa "alikata, aliacha", tunaondoa marudio, tunaruka ukimya. Kwa masimulizi ya aina hii, kusafisha ni kuharibu. "Wewe" iachwe kama ilivyo. Kutendwa kuachwe kutendwe. Mahali ambapo mikono imepima pima moja hewani, tuandike kwamba mikono imepima.

Na kazi yenyewe haingoji. Kule Kyela, bandarini Itungi, meli za MV Njombe, MV Ruvuma na MV Mbeya II zimeundwa ziwani hapo hapo katika miaka ya karibuni. Tumekwisha soma tani zake na majina ya viongozi waliozizindua. Wachomeleaji waliounga mabati yale bado ni vijana, wengine rika letu. Miongoni mwao wapo watakaosimulia kwa "wewe", na wapo watakaosimulia kwa "ililetwa, ikapelekwa". Wakati huu waliotenda bado wanaweza kuulizwa.